Mionzi ya gama haifiki chini, sasa darubini za Namibia zinaona nini?

Mvuvi wa Sahare:
Wakuu, za jioni. Mimi mtu wa dagaa hapa Sahare, Tanga. Mbalamwezi imetukalisha nchi kavu, basi mwanangu wa kidato cha nne akawa ananisomea habari za H.E.S.S., darubini tano kule Namibia zinazochunguza mionzi ya gama (mwanga usioonekana, wenye nishati kubwa mno) kutoka angani. Lakini kitabu chake chenyewe kinasema hewa huizuia mionzi hiyo (alhamdulillahi). Sasa darubini iliyo chini inaona nini? Mwalimu kamwambia halimo kwenye mtihani.

Chumvi_Pangani:
Hiyo si kazi ya satelaiti? Fermi ya Marekani iko juu tangu 2008.

Koroboi:
Fermi ipo, ila eneo lake la kunasia ni dogo, na mionzi yenye nishati kubwa kabisa huja kwa nadra mno. Kwa hiyo hewa yenyewe ndiyo hugeuzwa nyavu. Mwonzi mmoja ukiigonga, huzaa elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), nazo huzaa nyingine, inakuwa mvua ya chembe, kilele chake kama kilomita 10 juu. Chembe hizo hukimbia kuliko mwanga unavyokimbia ndani ya hewa (si kwenye ombwe, msinirukie). Mzee, boti ya mashine ikiyapita mawimbi yake, si yanajikunja mgongo mmoja ubavuni? Ndivyo hivyo, ila hapa mgongo ni mwanga wa buluu, wa Cherenkov. Unadumu nanosekunde chache tu. Chini unatanda duara la mita 250 hivi, na darubini zilizo ndani yake zinalinganisha picha kujua mwonzi umetokea upande gani.

Mvuvi wa Sahare:
Hapo nimekushika. Na mwezi je? Maana sisi mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawaji kwenye taa.

Koroboi:
Wao pia husubiri giza, mwezi mpevu wanapumzika. Ndiyo maana wako nyanda za Khomas, mita 1,800 juu, mbali na taa za mji. Cha kwanza kunaswa kwa njia hii kilikuwa Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka, Wachina waliiona 1054. Ilinaswa 1989 na darubini ya Whipple, Arizona.

Mvuvi wa Sahare:
Kaa! Dogo anacheka hapa hana mbavu. Anauliza kama na pweza yupo.