Mafundi wa ripita Dodoma, acheni kutupandishia wati wakati waya umeoza!

Wakuu, hii tabia imezidi. Ripita ya VHF (mtambo wa mlimani unaopokea mawimbi ya redio za mawasiliano na kuyarusha tena mbali zaidi) iliyokuwa inashika mpaka Kongwa sasa inakatakata hata Chamwino hujafika. Anaitwa fundi, anaitoa wati 25 anaipeleka 50, anaandika risiti, anashuka mlimani. Shida iko pale pale.

Kuzidisha wati mara mbili ni 3 dB tu (dB ni kipimo cha nguvu ya mawimbi kupanda au kushuka). Na kama walio mbali wanaisikia ripita vizuri ila wao ndio hawaingii, ugonjwa uko upande wa kupokea. Wati hazina msaada hapo. Zinaharibu zaidi, maana dupleksa, yaani kichujio kinachoziwezesha transmita na risiva kutumia antena moja, ikishahama tyuningi, transmita inaizidi nguvu risiva yake yenyewe.

Kulijua hilo si uchawi. Ingiza mawimbi ya jenereta ya kupimia (si ya umeme) kwenye njia ya risiva kwa kapla, kiungio kinachopitisha mawimbi kidogo tu, antena ikiwa imeunganishwa, shusha mpaka SINAD (kipimo cha sauti dhidi ya kelele) 12 dB. Washa transmita. Ukilazimika kuongeza zaidi ya 1 au 2 dB kurudi pale pale, ripita inajiziba. Toa antena, weka dami lodi (mzigo bandia unaomeza wati badala ya antena), rudia. Ikitulia, shida iko kwenye waya au antena, panda mnarani. Isipotulia, shughulika na dupleksa na vipande vya waya vinavyoiunganisha.

Halafu msituletee SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena) iliyopimwa chini ya mnara kama ushahidi! Waya wa antena ulioingia maji unakula mawimbi yanayopanda na yanayorudi. Ukiwa unapoteza 10 dB kwenda tu, hata antena ikatike huko juu, chini utasoma kama 1.2, na fundi atakwambia antena safi. Funga dami lodi juu, pima wati ncha zote mbili. Ukiingiza 50 ukapata 40, sawa. Ukipata 12, waya huo umekufa. Na wanaofunga RG-58, ule waya mwembamba wa antena, mnarani wajue kwamba mita 30 za waya huo, kwenye 150 MHz, zinakula takriban 6 dB ukiwa mpya kabisa. Yaani ukiingiza 50, juu zinafika hizo hizo 12.

Maji mara nyingi yanaingilia konekta ya juu. Jua la Dodoma linapasua tepu ya umeme kiangazi chote, mvua za Desemba zinakuta mlango wazi. Fungua hiyo konekta: pini ina ukijani, nyuzi za nje nyeusi. Kata mpaka uone shaba inayong'aa; weusi ukiendelea ndani, badilisha waya wote. Konekta mpya izungushie tepu ya mpira ukianzia chini kwenda juu, ipandiane kama vigae, ndipo tepu ya umeme juu yake. Waya uache kitanzi cha kudondoshea maji kabla haujaingia chumbani.

Wenye ripita, msilipe bila karatasi yenye wati zinazotoka, zinazorudi, zinazofika juu, na usikivu wa risiva transmita ikiwa imezimwa na ikiwa imewaka. Wati zikizidi za kwenye leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), atakayeulizwa ni mwenye leseni, fundi hayumo.

Mafundi wa Dodoma wanaopima hivi waweke bei zao hapa.