Mlioacha vidonge vya majira (vya uzazi wa mpango) mkitafuta mtoto, mlishika mimba baada ya muda gani? Tupeane uzoefu

Mama Darasa la Kwanza
Habari zenu wapendwa. Nimemeza majira tangu mwanangu aache kunyonya, sasa anaanza shule na baba yake anataka wa pili, nikaacha. Mwezi wa kwanza nikableed kidogo tu, uliofuata kimyaa, nikajua tayari, kupima mstari mmoja. Mama mkwe anasema vidonge vimeganda kwenye kizazi nitafute dawa ya kusafisha. Aliyepitia aje aseme alikaa muda gani.

Wa Mbagala
Mimi nilinasa hapohapo. Ile bleed ya kwanza baada ya kuacha ni ya homoni kukatika, sio hedhi yenyewe, iliyofuata nikaisubiri haikuja nikasema ni majira yanatoka mwilini kumbe nishabeba. Kasheshe ikawa kliniki, nesi anauliza siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho ni lini mi namkodolea macho, ikabidi nipige utrasaundi ndo wakajua mimba ina wiki ngapi. Anayeacha leo bora amalize pakiti yake, na aandike tarehe.

Bi Harusi wa Zamani
Jamani tusichanganye majira na sindano. Dada yangu alikuwa anachoma ya miezi mitatu, kuacha kwake alisota karibu mwaka mzima na daktari akamwambia ni kawaida, sindano kwa wastani ni kama miezi 10 tangu ile ya mwisho. Mimi wa majira nilisubiri miezi michache tu. Sasa watu wakisikia ya dada yangu wanasema "uzazi wa mpango unaua kizazi", wote tunatiwa kapu moja.

Nesi wa Zamu
Asante kwa hilo. Mimi nakaa chumba cha uzazi wa mpango, hiyo ya kuganda naisikia kila wiki. Shika pakiti yako uitazame, vidonge 28, hivi 21 ndo vina homoni na vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu. Kwa nini tunakwambia umeze kila siku tena saa ileile? Kwa sababu cha jana kinaisha. Vingekuwa vinaganda, mtu akisahau siku mbili tatu asingepata mimba, na wanaokuja kwangu wanalia kwa kusahau ni wengi sana. Wakiacha, kama wanawake 8 kwa 10 wanashika mimba ndani ya mwaka, na kukaa kwenye majira miaka mingi hakubadilishi. Mirija kuziba mara nyingi ni maambukizi, klamidia au kisonono ambacho hakikutibiwa, au maambukizi baada ya kujifungua au kutoa mimba. Na uanze foliki asidi sasa hivi, mikrogramu 400 kwa siku, usingoje mistari miwili.

Kisauni Kwetu
Mie nilikuwa nahangaishwa na ile programu ya kwenye simu. Inaniambia siku ya 14 ndo ya yai, na mzunguko wangu una siku 35, wapi na wapi! Yai hutoka kama wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo langu ni siku ya 21 hivi, sisi hapo tushachoka kila mtu kalala upande wake. Nilipoanza kuangalia ute ndo nikaelewa mwili wangu, ule usio na rangi wa kuvutika, ukiushika vidole viwili ukiviachanisha haukatiki. Ukiuona msisubiri kesho, mbegu zaweza kukaa hadi siku 5 ndani, yai halimalizi hata siku mbili.

Mwenye Vifuko
Mimi story ni tofauti kidogo. Tangu usichana hedhi yangu ilikuwa inakuja inapotaka, nikaanza majira ikawa inaenda kama saa, nikasahau kabisa kama nilikuwa na shida. Kuacha tu mambo yakarudi kulekule nikawa nalaumu vidonge. Daktari akaniuliza swali moja, kabla ya majira ulikuwa unaonaje siku zako? Utrasaundi ikaonyesha vifuko vidogovidogo vingi kwenye ovari, wanaita PCOS. Majira yalikuwa yameficha tu. Akanipa letrozole, vidonge vya kusaidia yai litoke, za kumeza siku za mwanzo wa mzunguko, na sasa hivi naandika huku mtu ananivuta hereni.

Baba Mtarajiwa
Wanaume tuseme na sisi. Mke wangu kanyweshwa mizizi ya kila aina ya chango, shangazi zangu wamemchoka, hakuna hata mmoja aliyesema na huyu wa kiume apimwe. Nilikwenda mwenyewe. Unakaa siku 2 hadi 7 bila tendo halafu unatoa mbegu kwenye kikopo, aibu ni ya dakika kumi. Majibu mbegu chache, mishipa ya korodani imevimba. Nimefanyiwa upasuaji mdogo, wamesema mbegu huchukua kama miezi mitatu kujitengeneza ndo nirudie kipimo. Majira ya mke wangu hayakuhusika hata kidogo.

Bado Nasubiri
Nami niandike ingawa sina habari njema. Nina zaidi ya 35, niliambiwa kwa umri huu usisubiri mwaka, miezi 6 ikipita nenda. Nimepiga picha ya mirija, ile wanaingiza dawa halafu eksirei, inauma kama tumbo la hedhi kali ila inaisha haraka, iko wazi. Wale wa kuuza vidude vya kuweka ukeni vya "kutoa uchafu" naomba msije inboksi, nilishaona rafiki yangu alivyobabuka.

Nesi wa Zamu
Kinachotoka pale sio uchafu mama, ni ngozi ya uke imeungua.

Mama Darasa la Kwanza
Nimewasoma wote. Sasa mimi hii hedhi isipoonekana niende lini?

Nesi wa Zamu
Ikifika miezi mitatu tangu uache na kipimo bado mstari mmoja, nenda, na utaje unavyojisikia kwingine. Maziwa yakitoka wakati hunyonyeshi, au uzito umepanda bila sababu, usingoje hiyo mitatu. Na muende wote wawili.

Mgeni Humu
Na sisi wa kijiti turuhusiwe hapahapa au tufungue uzi wetu? Mimi kimetolewa juzi na mkono bado una plasta.