BMI yake ni ya kawaida, anaweza kuwa na anoreksia?

matron_pwani
Wakuu, salaam. Nasimamia bweni la wasichana. Yupo mmoja wa miaka 16, urefu sentimita 160. Mwezi wa kwanza mizani ilisoma kilo 80, sasa mwezi wa sita inasoma 60. Wenzake wanampongeza, hata walimu. Lakini anavaa sweta mchana kwenye joto letu hili, hedhi hajaiona miezi minne, na mstarini asubuhi ameshaanguka mara mbili. Mezani anasukuma maharage huku na huku kwenye sahani mpaka muda unaisha. Alikuwa anafunga sunna Jumatatu na Alhamisi, siku hizi kaongeza nyingine. TB hana, HIV hana, mimba hana. Zahanati walipiga hesabu ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, wakapata 23.4, wakasema uzito uko vizuri, wakampa dawa za vidonda vya tumbo kwa sababu analalamika tumbo kujaa. Mtu wa uzito huu anaweza kuwa na anoreksia, ule ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa? Na mimi nifanye nini?

Dkt_Mwambao
Matron, anaweza kabisa. Hiyo 23.4 inasema alipo leo, haisemi alikotoka. Ametoka 80 kuja 60, maana yake robo ya mwili wake imeondoka ndani ya miezi mitano. Mwongozo wa magonjwa wa WHO unaotumika tangu 2022, ICD-11, unakubali utambuzi wa anoreksia kwa mtu ambaye uzito haujafika chini, iwapo amepoteza zaidi ya asilimia 20 ndani ya miezi 6 na dalili nyingine zipo: kujinyima, hofu ya kunenepa, mawazo yote kuwa kwenye mwili.

Mwili unaokosa chakula unabana matumizi. Moyo unapunguza kasi, joto linashuka (ndiyo hilo sweta), ubongo unasimamisha hedhi, na tumbo linachelewa kusukuma chakula, kwa hiyo vijiko vitatu tu anajisikia kashiba hadi kooni. Dawa ya vidonda haitibu hilo.

Kipimo chako cha kwanza ni saa ya mkononi. Mlaze dakika tano, hesabu mapigo kwa dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha. Kisha asimame dakika mbili au tatu, uhesabu tena, na kama mna mashine ya presha ipime mara zote mbili. Kwa umri wake, mapigo chini ya 50 mchana akiwa macho, presha chini ya 90/45, joto chini ya 35.6, au presha ya juu kushuka zaidi ya 20 anaposimama: hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa ameshaanguka mara mbili, hata namba zikiwa nzuri mimi ningempeleka wiki hii hii.

Mapigo yanasaidia pia kutenganisha. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi inakondesha, lakini moyo unakwenda mbio na mgonjwa anasikia joto. Kisukari kinakuja na kiu na mkojo mwingi, kwa hiyo sukari ipimwe. Huyu wako anasikia baridi. Mapigo yakiwa ya taratibu, njaa ndiyo inayoongoza.

Mzee_wa_Gym
Samahani wakuu, lakini kilo 80 kwa urefu huo ni BMI ya 31. Si afadhali kapungua?

lishe_na_akili
Mkuu, kilo 20 kwa miezi mitano kwa binti anayekua ni karibu kilo moja kila wiki, na hedhi imekatika. Huko si kupungua kwa afya, hata angeanzia 120. Mwaka 1944 hadi 1945 huko Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana wa kiume 36 wenye afya kwa wiki 24, wakapoteza takriban robo ya uzito. Mapigo yalishuka, wakawa wanasikia baridi, chakula kikawatawala mawazo, na waliporudishiwa sahani baadhi walifakamia wasiweze kujizuia. Hawakuwa na ugonjwa wa ulaji kabla. Njaa yenyewe iliwabadilisha.

Ndiyo maana kujinyima na kufakamia mara nyingi vinaandamana. Mwenye bulimia, anayefakamia kisha akatapika au kutumia dawa za kuharisha, kwa kawaida ana uzito wa wastani au zaidi. Ukimsubiri akonde hutamjua. Tazama mashavu yaliyovimba chini ya masikio, sugu kwenye vifundo vya vidole, meno ya juu yaliyolika upande wa ndani. Hatari yake ni potasiamu kushuka, na moyo unaweza kusimama kwa mtu anayeonekana mzima. Akitapika asipige mswaki papo hapo, asukutue kwa maji asubiri nusu saa, asidi isije ikasuguliwa kwenye meno. Na zile chai za kupunguza tumbo zenye sena, mmea wa kuharisha, nazifahamu sana: zinafanya kazi kwenye utumbo mpana, chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, na mizani inarudi palepale.

Kuna pia wanaofakamia bila kutapika, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Wengi wao ni wanene, lakini si kila mnene ana shida hiyo, tusije tukageuza mwili wa mtu kuwa cheti cha ugonjwa.

matron_pwani
Nimewaelewa. Nilikuwa nimepanga leo nimkalishe ale sahani kamili, na glukosi juu yake apate nguvu.

Dkt_Mwambao
Glukosi hapana, Matron. Kwanza jua amekula nini siku hizi. Kama kwa zaidi ya siku tano hajatia kitu cha maana tumboni, aanzie hospitali. Sukari ikiingia ghafla, insulini inapanda na kuvuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Damu inabaki bila madini hayo, moyo na misuli ya kupumua vinaishiwa nguvu. Hutokea siku chache za mwanzo, na unene wa zamani haumkingi. Hospitali watampa thiamini (vitamini B1) kabla ya chakula, wataongeza chakula hatua kwa hatua na kurudia vipimo.

lishe_na_akili
Akiruhusiwa kurudi bwenini: milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, asikae zaidi ya masaa manne bila kula. Uji wa karanga saa nne asubuhi, chai na kiazi saa kumi jioni, ratiba ya shule inatosha kabisa. Mtu mzima akae naye nusu saa ya mlo na saa moja baada yake, mzungumzie mambo mengine. Michezo isimame mpaka daktari aruhusu. Mizani mara moja kwa wiki, faraghani. Waambie walimu waache “umependeza siku hizi”. Kuhusu saumu, mgonjwa ana ruhusa, lakini aisikie kwa ustadhi wake. Ongea na ustadhi kabla.

Dkt_Mwambao
Barua ya rufaa usiandike “udhaifu”. Andika: kilo 80 hadi 60 kwa miezi mitano, amezimia mara mbili, hakuna hedhi miezi minne, mapigo akiwa amelala na akiwa amesimama. Omba ECG (kipimo cha umeme wa moyo), sukari, potasiamu, magnesi na fosfeti. Hiyo ya mwisho itaje kwa jina, husahaulika. Damu ikiwa safi bado haijamwondolea ugonjwa. Omba pia aonwe na idara ya afya ya akili, na mzazi aitwe aende naye.