Gharama na muda wa kupunguza paini ekari sita Mufindi: naomba ushauri

Mpanda Paini
Ndugu wanajamvi, nina ekari sita za paini aina ya patula wilayani Mufindi, zilizopandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, na miti sasa ina miaka tisa. Matawi yamefungana juu, chini hazioti hata nyasi, na mashina mengi yamerefuka bila kunenepa. Nataka kuondoa mti mmoja katika kila mitatu. Vijana wenye chenso wanataka shilingi 500 kwa kila mti watakaoangusha, ilhali kundi jingine linataka kulipwa kwa kutwa, mafuta na chakula vikiwa juu yangu. Ipi ni nafuu, na je, kuna namna ya gharama hiyo kurudi? Fedha niliyonayo ni kidogo, na kazi hii ikiishia njiani nitakuwa nimeliharibu shamba.

Mzee wa Makete
Mkuu, nafasi hiyo ni miti 1,111 kwa hekta, takriban 450 kwa ekari. Kama yote ilishika, una miti kama 2,700. Theluthi yake ni 900, na kwa bei uliyopewa ni shilingi 450,000. Lakini hiyo ni bei ya kuangusha tu. Kinachommaliza mwenye shamba ni kusafisha matawi, kukata vipande na kuvibeba mabegani hadi lori linapofika, hasa shamba likiwa bondeni. Waombe wote wawili bei ya mti uliokwisha kufikishwa barabarani, kisha ulinganishe.

Mimi ningelipa kwa mti, ila kwa sharti moja: uchaguzi wa miti ufanye mwenyewe kabla chenso haijawaka. Anayelipwa kwa idadi atakata ulio karibu na ulio rahisi kuanguka, na mara nyingi huo ndio mti mnyoofu uliopaswa kubaki. Paka rangi miti iliyopinda, yenye mashina mawili, iliyovunjika ncha na iliyozidiwa na wenzake. Weka alama ya pili chini kabisa kwenye shina, ili ibaki kwenye kisiki. Siku ya malipo mtahesabu visiki vyenye rangi, na kisicho na rangi hakilipwi.

Kijana wa Chenso
Nikiongeza kwa upande wetu mafundi, muda mwingi hatuumalizi kwenye kukata. Katika shamba lililofungana, mti uliokatwa hauanguki. Hunasa kwenye matawi ya jirani yake, na kuunasua ndiko kunakochelewesha kazi na kuua watu. Ruhusu mistari michache iondolewe mizima kwa umbali fulani, iwe njia ya kuangushia na kutolea magogo, na uihesabu ndani ya ile theluthi. Pia usimkubali fundi asiye na kofia ngumu wala msaidizi, hata akikupunguzia bei.

Mwana Mafinga
Kwa nini asisubiri hadi miaka kumi na miwili? Miti atakayoondoa itakuwa minene na itauzika.

Mzee wa Makete
Sikubaliani nawe, ndugu yangu. Miaka hiyo mitatu italipwa na miti inayobaki, kwa kuwa matawi yake ya kijani yanazidi kupungua, na paini iliyokwisha kukonda hunenepa taratibu sana hata ukiipa nafasi. Tena ukilifungua kwa ghafla shamba lenye miti mirefu myembamba, upepo wa kwanza wa masika utailaza.

Mpanda Paini
Nashukuru sana, wazee wangu. Je, hii miti myembamba nani huinunua?

Mwana Mafinga
Iliyonyooka huuzwa kama mirunda ya ujenzi. Yenye unene wa kutosha waulizie wenye viwanda vya mbao nyembamba za kubandika hapa Mafinga, na kama uko upande wa Mgololo, ulizia kiwanda cha karatasi. Pata mnunuzi na vipimo vyake kabla ya kukata, kwani gogo lililokatwa fupi kuliko anavyotaka ni kuni, na paini ikilala chini wakati wa mvua huingia ukungu wa bluu. Usipopata mnunuzi, angusha na uache palepale. Bado umefanya jambo la maana kwa miti inayobaki. Ukikata kiangazi, yaondoe matawi yote kwenye njia ya moto, yaani ukanda ulioachwa wazi kuzuia moto usiingie shambani, siku hiyo hiyo, na lori lisipakie kabla mnunuzi hajakuonyesha hati ya kusafirishia mazao ya misitu.