Mrejesho: besi ya kwanza kwa mpiga solo

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza: mpiga solo mwenye laki 6 anunue gitaa gani la besi, la kupigia kwaya Jumapili na rumba Jumamosi? Nimechukua Yamaha TRBX174, mtumba, kwa laki 5 na nusu. Lina pikapu mbili (vinasa sauti ya nyuzi, si zile za kubebea mchanga): ya kati ina mvumo mnene, ya nyuma inakata vizuri kwenye rumba. Nyuzi ni E-A-D-G, kama zile nne nene za gitaa la kawaida, noti zile zile ila nzito zaidi, oktavu moja chini, kwa hiyo kichwa hakikusumbuka. Vidole ndivyo vilivyolia. Urefu wa nyuzi wa inchi 34 si mchezo! Mkuu uliyenikataza nisianze na la nyuzi tano, asante. Spika bado naazima kanisani.