Naomba ushauri: kingamwili za Lyme kwa rakuni na kulungu wa pwani

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nachambua damu ya rakuni na kulungu wenye mkia mweupe kutoka misitu ya pwani ya mashariki ya Marekani, na nimekwama. Kulungu wengi wana kingamwili dhidi ya Borrelia burgdorferi (bakteria wa ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe), lakini PCR (kipimo kinachotafuta DNA ya bakteria) ya damu hiyohiyo haionyeshi bakteria. Kwa kulungu sishangai: wao huwalisha kupe waliokomaa wa aina ya Ixodes scapularis bila kuwaambukiza, wanaowaambukiza kupe wachanga ni hasa panya wenye miguu myeupe.

Kinachonisumbua ni rakuni. Baadhi yao ELISA (kipimo cha awali cha kingamwili) inasema ndiyo, Western blot (kipimo cha kuthibitisha) inasema hapana. Nimerudia kwa vitendanishi vipya, majibu ni yaleyale (na ndiyo shida ya kutumia vifaa vilivyotengenezewa binadamu na mbwa).

Je, rakuni hawa niwahesabu kuwa waliwahi kuambukizwa, au niwaripoti kando? Na aliyewahi kupima ngozi ya sikio badala ya damu, bakteria walionekana kwa urahisi zaidi? Vipande vya ngozi ninavyo kwenye friza, ila havitoshi kurudia-rudia. Natanguliza shukrani.