Mrejesho: kupika ndani ya semi bila kumaliza betri

Wakuu salama? Mi ndo yule niliyeuliza nipikeje kwenye gari, natembea Dar mpaka Lubumbashi na posho yote inaishia kwa mama ntilie. Basi inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) nimechukua ya volti 24 kama mlivyosema, maana semi ina betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo, nyaya nene nimevuta moja kwa moja toka kwenye betri na fyuzi iko palepale karibu na betri, soketi ya sigara nimeiachia chaji ya simu tu. Raisikuka ya wati 400 inavuta kama ampea 17 hadi 20, kwa hiyo napika injini ikiwa inanguruma, foleni ya mpakani Tunduma ikisogeasogea wali unaiva. Jagi la umeme la wati 2000 sahauni, hilo ni ampea 80 na ushee!

Nyanya na vitunguu nabeba njiani pale Ilula, Iringa, bei ya shambani, mboga kuu dagaa wakavu. Maharage bado namwachia mama ntilie, yanakula moto mno. Sasa utingo analalamikia harufu ya dagaa kwenye kebini, mwenye dawa aseme.